Shajara ya mradi: ukanda wa mto pembezoni mwa Budongo

Februari

Kiangazi bado, na harufu ya miwa iliyochomwa iko kila mahali. Moto wa mwezi uliopita ulitoka shamba la jirani wakati wa kuchoma majani kabla ya mavuno, ukaruka njia ya ng'ombe, ukaingia kipande chetu cha juu. Misizi ya mwaka jana, miti ya asili ya hapa, imeteketea karibu yote. Mikangazi iliyokuwa chini ya kivuli imepona. Vigingi vya mutuba, mti wa jamii ya mkuyu, vimekauka juu, lakini ukikwaruza gome kwa ukucha utakuta kijani na utomvu mweupe, kwa hiyo nimewaambia vijana wasiving'oe.

Jirani alikwenda mwenyewe kwa mwenyekiti wa LC, baraza la serikali ya mtaa, kabla hatujamshtaki. Hilo limetupunguzia mengi. Makubaliano ni kwamba kabla ya kiangazi kijacho tutafyeka naye ukanda wa kuzuia moto kwenye mpaka, na siku ya kuchoma miwa atatutumia habari mapema.

Kwa wanaoanza kusoma leo: tuko Nyabyeya, wilaya ya Masindi, magharibi mwa Uganda, kwenye ukingo wa msitu wa Budongo. Hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba zipatazo 825, nayo iko mikononi mwa Mamlaka ya Misitu ya Taifa. Sisi hatuigusi. Kazi yetu, kupanda miti ya asili, iko nje ya mpaka, kwenye mashamba ya watu kando ya kijito, ambako zamani msitu wa mtoni uliendelea kusini kipande kwa kipande mpaka kukaribia msitu wa Bugoma. Watu huuliza kwa nini tusipande ndani ya hifadhi, kwenye ulinzi. Jibu ni kwamba sehemu kubwa ya msitu uliopotea Uganda ulikuwa kwenye ardhi ya watu binafsi. Nchi ilikuwa na msitu kwenye asilimia 24 hivi ya ardhi yake mwaka 1990, na kufikia 2015 ilikuwa imebaki na karibu 9. Kanuni za mwaka 2000 zinataka mita 30 ziachwe kila upande wa mto mdogo, na mita 100 kwa mito mikubwa iliyoorodheshwa. Njoo utembee nami uone muwa ulivyosimama hadi majini.

Machi

Mkutano wa wenye mashamba. Ulifanyika kwa Kiswahili, kama mikutano yote hapa. Huku waliletwa watu na kiwanda cha mbao cha enzi za ukoloni, Waalur na Walugbara kutoka Nile Magharibi, na Wakongo waliovuka ziwa, wakawakuta Wanyoro wenyewe. Kijukuu cha kila mmoja kinazungumza lugha tatu kabla hakijaenda shule.

Ajenda ilikuwa moja: tupande nini. Mzee mmoja mwenye ekari nyingi kuliko wengine alisimama wa kwanza. Alitaka mikaratusi, ambayo huku tunaiita kalitunsi.

"Wanangu, mimi nataka kalitunsi. Baada ya miaka michache nauza nguzo. Huo mkuyu wenu nitamuuzia nani?"

Mama mmoja wa Kialur, ambaye shamba lake liko chini ya lile la mzee, akamjibu bila kusimama: "Baba, kalitunsi yako ya kule juu ndiyo iliyonifanya nichote maji kwa kikombe Januari."

Hapo pakawaka. Kijana aliyesomea misitu kwenye chuo cha hapa Nyabyeya akajaribu kutuliza kwa kupendekeza mkangazi, ambao wengi tunauita mahogani tu. Ni mti wa asili, una thamani, kila mtu anaujua. Nikaona vichwa vinaanza kukubali, na hapo ndipo nilipoingia, kwa sababu mkangazi peke yake ni njia nyingine ya kupanda shamba la mbao na kuliita msitu. Budongo ilishapitia hayo. Miaka ya 1950 na 1960 wataalamu walipita humo wakitia sumu mihimbi na miti mingine waliyoiona haina soko, ili mahogani ipate nafasi. Mzee aliyetaka kalitunsi ana umri wa kuyakumbuka. Baba yake alibeba mtungi wa hiyo dawa.

Ila niwe mkweli, historia haikukaa upande wangu moja kwa moja. Sehemu zilizokatwa na kutiwa sumu ziliota mchanganyiko wa miti yenye matunda mengi, na sokwe hawakuzikimbia. Kilichowanufaisha ni huo mchanganyiko. Mahogani iliyokusudiwa, sehemu nyingi haikurudi kwa kiasi kilichotarajiwa.

Tulipomaliza, jua lilikuwa limeshuka na mandazi yamekwisha. Tulikubaliana hivi: karibu na maji ni miwale, ile minazi-pori ya bondeni, na mikuyu, na hapo hakuna mjadala. Nyuma yake misizi, mivule na mikangazi, ikichanganywa. Ukingo wa nje, unaogusa shamba, mwenye shamba anachagua mwenyewe: misambya ya kuni, kahawa chini ya kivuli, au mizinga ya nyuki. Mzee wa kalitunsi alisema atapanda kahawa "ili mnyamaze." Sawa, tunapokea.

Machi, mwisho wa mwezi

Mbegu. Musizi ndio rahisi, maana hondohondo wanatufanyia kazi. Wanameza tunda, wanatema kokwa safi chini ya mti wanaolala, na mama wa kitalu anajua miti yao yote. Tunaziloweka, kisha tunapanda na kusubiri. Musizi hauoti kwa pamoja. Mmoja utachomoza leo, mwenzake baada ya miezi, na anayetupa udongo wa kitalu mapema anatupa miche.

Mkangazi ni kinyume chake. Tunda lake ni gumu la mviringo, likipasuka juu linamwaga mbegu zenye mabawa, na mbegu hizo haziwekeki. Ukizikusanya leo, zipande wiki hii. Kuna mtu aliyetuuzia gunia mwaka juzi likiwa limekaa stoo, tukapata majani ya kuhesabu kwa vidole.

Mwale ndio sababu ya mradi huu kuwepo, kwa hiyo nitauandikia zaidi.

Ni mnazi-pori wa bondeni, wenye makuti marefu kupita nyumba, na matunda yenye magamba kama kakakuona. Unakua miaka mingi, unatoa maua mara moja, unazaa, unakufa. Shina lake likioza ndani, sokwe hulitoboa na kula unga wake. Watafiti wa kituo cha Sonso, kilichoanzishwa na Vernon Reynolds mwaka 1990 ndani ya Budongo, waliupima unga huo wakakuta una sodiamu nyingi kuliko vyakula vingine vya msitu. Yaani hapo ndipo sokwe walipopata chumvi yao.

Kisha ikaja tumbaku. Anayelima tumbaku anahitaji kamba ya kufungia majani kwenye fito kabla ya kuyakausha, kamba nyingi sana, na ukichuna ngozi ya kuti changa la mwale unapata kamba nzuri ya bure. Kati ya 2006 na 2012 miwale ya sehemu hiyo ikakatwa karibu ikaisha. Sokwe wakaanza kula udongo wa mfinyanzi na maji yake. Baadaye kamera zilizotegwa kati ya 2017 na 2019 zikawanasa sokwe, mbega na paa wakila mavi ya popo yaliyorundikana chini ya tundu la mti. Mavi hayo yana madini yale yale. Yalipopimwa yakakutwa na virusi 27, kimojawapo cha ukoo wa korona, ndugu wa kile kilichotufungia ndani mwaka 2020. Utafiti ulitoka 2024. Haukusema kwamba kuna mtu aliyeugua kutokana na mavi hayo, na sisi tusiseme. Ulionyesha njia tu: kamba ya tumbaku, mwale, chumvi, popo.

Nilipoisimulia habari hii kwenye mkutano, palikuwa kimya kidogo, kisha mzee mmoja aliyelima tumbaku maisha yake yote akasema, "Tulikata sisi. Na kama kungekuwa na kamba nyingine ya bure tusingekata." Sidhani kama kuna mtaalamu aliyewahi kulieleza jambo hili vizuri zaidi.

Tumepata matunda ya mwale kutoka bonde moja ambalo mwenyewe hajaruhusu panga. Mama wa kitalu ameyafukia kwenye tuta lenye kivuli na maji chini, si kwenye viriba. Hasemi yataota lini na mimi sijamuuliza tena.

Aprili

Mvua imekaa. Tumepanda.

Mpangilio wa shimo: udongo wa juu upande mmoja, wa chini upande mwingine, na wa juu ndio unaotangulia kurudi. Kavera, mfuko wa plastiki wa mche, inachanwa na kutolewa yote, na mtu mmoja anabaki nyuma kuziokota, kwa sababu mwaka jana ng'ombe alikula. Miche ya mvule na mkangazi tunaiweka mbalimbali kwa makusudi.

Vigingi vya mkuyu na mutuba havihitaji kitalu. Unakata tawi lenye unene wa mkono, urefu wa mtu, unaliacha kivulini siku chache utomvu ukauke, kisha unalizika theluthi moja. Uangalie tu lisije likawa kichwa chini. Vijana wanacheka, lakini tawi lisilo na majani halisemi lipi ni juu, na tumeanza kukata ncha ya chini kwa mshazari ili hata anayepanda usiku asikosee. Mutuba wanaujua wote: ndio unaotoa gome la nguo ya Baganda, unavumilia kuchunwa, unavumilia hata moto kama tulivyoona. Ndege wakianza kutua juu yake wataleta mbegu ambazo hatujui hata majina yake. Kwa unafuu wa bei, hakuna mti unaoushinda.

Vile vigingi vilivyoungua Januari vimechipua. Nimeandika tu.

Mei

Palizi. Hakuna anayepiga picha palizi. Wafadhili wadogo waliotusaidia viriba wameomba tena picha za watoto wakishika miche, na nimewatumia ya kijana akiwa kwenye mabingobingo hadi kifuani, ameshika panga, jasho tupu. Hawajajibu.

Kazi ya mwezi huu ambayo nadhani ina maana kuliko upandaji wenyewe: kabla ya kufyeka tunapita kwanza bila panga. Kila mche uliojiotea tunauchomekea fimbo na kitambaa chekundu. Tulianza tukitegemea kupata michache. Karibu na vipande vya msitu vilivyobaki, vitambaa viliisha, mama mmoja akachana kanga kuukuu. Misizi, virundu, mikebu, hata mkangazi mmoja mbali kabisa na mama yake. Miaka yote hiyo ilikuwa inaota na sisi tunaifyeka pamoja na majani. Miche hii haikutugharimu shilingi, ina mizizi mirefu kuliko ya kiriba, na ilichagua mahali pake yenyewe. Ningekuwa na uwezo ningepunguza kitalu nusu, nilipe wafyekaji wenye macho.

Juni

Watoto wa shule jirani. Wanaishi chini ya mwendo wa saa moja kutoka Budongo, na walipoulizwa nani ameingia msituni kwa ruhusa, mkono mmoja ulinyooka. Ulikuwa wa mtoto wa mlinzi.

Hofu yao si upuuzi na hatukuicheka. Huku kwetu Bunyoro sokwe wamewahi kuwadhuru watoto, hasa pale ambapo msitu umebaki vipande na chakula chao kimebaki mashambani. Kwa hiyo mwalimu alianza na hilo: mkiona sokwe shambani msikimbie, msirushe mawe, kusanyikeni pamoja, rudini polepole, mwiteni mtu mzima. Mwenye mafua alibaki nje ya msitu, maana mafua yetu yanaua sokwe. Alilia, tukamkabidhi kazi ya kulinda mabegi na chapati.

Tulipita Njia ya Kifalme, ile barabara pana yenye miti mirefu pande zote inayopendwa na watazama ndege. Watoto hawakupendezwa na urefu wa miti kama nilivyodhani. Walichoganda nacho ni tunda la mkuyu. Mwalimu aliliokota, akalipasua kwa wembe, akalipitisha. Ndani kulikuwa na nyigu wadogo kuliko chembe ya mtama, wengine bado wanatembea, wengine wamekufa bila mabawa. Akaeleza kwamba lile si tunda tupu, ni maua yaliyogeukia ndani, na kwamba kwa kawaida kila aina ya mkuyu ina nyigu wake anayeingia kwa tundu dogo kabisa, anaacha mabawa mlangoni, anataga mayai, anafia humo. Nyigu wasipokuwepo hakuna mbegu, na mkuyu usipozaa nyigu hana pa kutagia. Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, sasa sisi tunapokula tunakula na wadudu?" Mwalimu akasema ndiyo. Kelele ilifika barabarani. Tangu siku hiyo mti huo una jina lake shuleni, ambalo sitaliandika hapa.

Julai

Kuni. Kina mama kadhaa walikuwa wakitoa "kitu kidogo" kwa watu waliowakuta na mafungu ya kuni kwenye ukingo wa hifadhi. Tumeisoma pamoja Sheria ya Taifa ya Misitu na Upandaji Miti ya 2003: mtu wa jamii inayozunguka msitu anaweza, kwa kufuata mpango wa usimamizi, kuchukua kuni kavu kwa kiasi cha matumizi ya nyumbani bila kulipa ada yoyote. Kavu, za nyumbani, bila panga kwenye mti mbichi. Mama mwenye kitalu ameomba ukurasa huo utolewe nakala, ameukunja na kuuweka kwenye kitambaa chake cha kichwani pamoja na pesa.

Nasikia kuna mtu amekasirika. Na akasirike.

Agosti

Mvule umetuchosha. Majani machanga yamejaa vinundu, ukikipasua kimoja ndani kuna kidudu kidogo kinachonyonya, kinundu kinaoza na kilele chote kinakufa. Ndiyo maana mivule mingi mikubwa ya Uganda ni mizee na midogo haionekani. Iliyo kivulini, katikati ya miti mingine, ina nafuu. Kwenye mkangazi tatizo ni kiwavi anayetoboa kilele, mti unagawanyika matawi kama fagio na mbao inaharibika. Naye hupenda mikangazi iliyopangwa mstari juani. Nimewapeleka wote waliokuwa wakidai shamba la mahogani wakaone wenyewe ile michache iliyoko uwanjani kwa yule kijana wa chuo. Yeye ndiye aliyeongoza ziara, na aliifanya vizuri kuliko ambavyo ningefanya.

Ubishi mpya: mforosadi wa karatasi. Ulitoka Asia, ukaletwa Budongo miaka ya 1950 kujaribiwa kama ungefaa karatasi, na sasa unaota popote penye mwanga. Kwa kanuni zetu ni mgeni, ung'olewe. Lakini sokwe wanaupenda kupita kiasi, majani yake, maua na matunda. Nusu ya kikundi inataka tuung'oe ukandani. Nusu nyingine inasema ukiondoa chakula hicho kabla mikuyu haijazaa, sokwe watahamia kwenye mahindi na mipapai, na lawama zitatuangukia sisi. Mimi niko na hawa wa pili, kwa sasa: tunang'oa miche michanga kila tunapopalilia, miti mikubwa iliyokwisha kuzaa tunaiacha mpaka mikuyu ianze kazi. Mtaalamu mmoja aliyetutembelea hakufurahi.

Oktoba

Msimu wa pili wa kupanda umekwisha mapema kuliko tulivyopanga, kwa kuwa mwenye shamba la kwenye kona ya mto amejitoa. Mnunuzi wa miwa alimpa malipo ya awali, ada za shule zilikuwa zinamsubiri, akalima hadi ukingoni na kufyeka vigingi vyetu. Hakuna aliyemtukana. Mama wa Kialur alikwenda kwake na kuku, wakaongea jioni nzima, akarudi na jibu kwamba mita kumi za karibu na maji ataziacha, zaidi ya hapo tusubiri muwa wake uvunwe. Mita kumi si 30 za kanuni. Zinatosha miwale mstari mmoja na sokwe kupita bila kuingia kwenye miwa, kama tukipata ya kupanda.

Na tuna ya kupanda. Tuta la mama wa kitalu limeanza kutoa: jani moja moja, gumu, lililokunjwa kama upepeo usiofunguliwa. Bado ni machache na mbuzi ameshakula mojawapo, kwa hiyo tuta limezungushiwa miba.

Mzee wa kahawa ameomba aongezewe misizi ya kivuli, na ameuliza, eti kwa niaba ya rafiki yake, mizinga inapatikana kwa nani.

Ukanda wa moto tunaufyeka Jumamosi ya kwanza ya Novemba, kuanzia njia ya ng'ombe kwenda juu. Jirani ataleta watu wake na posho ya ugali, sisi maharagwe. Kila mtu aje na panga lake, na mwenye reki aibebe. Vitambaa vyekundu vimebaki vichache, kwa hiyo mwenye kanga kuukuu asiitupe.